Sifuri ya Pakiti

Jumapili, baada ya bukari, Kapya alikuja na pakiti ya biskuti.
Babu, nisomee. Mwalimu anataka tuandike vilivyomo.
Nikatafuta lenzi yangu ya maabara,
ile niliyoondoka nayo kiwandani
badala ya mshahara wa miezi kumi na minne.

Unga. Sukari. Chumvi.
Kisha, kwa Kifaransa cha herufi za sisimizi:
mafuta ya mimea yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu.

Kwa sehemu.
Neno hilo lilinikalisha kitako.

Sikiliza, Kapya. Mafuta yakitoka kwenye mbegu
ni mnyororo wenye viwiko,
unakunja hapa, unapinda pale,
haupangiki, ndiyo maana unatiririka.
Wenye viwanda huyatia moto, huyapulizia gesi,
na nikeli hukaa kando kama mshenga:
huwakutanisha wawili, yeye haolewi.
Kiwiko hunyooka.
Yakifikishwa mwisho huwa magumu kama mshumaa.
Yakiachwa njiani, mengine hubaki na kiungo kilichoteguka,
yamenyooka, ila si kwa kuumbwa.
Hayo ndiyo huitwa transi.

Na kwa nini wanayatesa?

Ili biskuti ivuke Kasumbalesa ndani ya kontena,
ikae miezi tisa kwenye kibanda cha Mama Mujinga,
na bado ilie kra! mdomoni mwako.
Kitu kisichooza kina deni, mjukuu wangu.
Uliza nani atalilipa.

Dirishani kulikuwa na chupa ya mawese.
Asubuhi za Juni hapa Lubumbashi mawese hulala,
mazito, rangi ya udongo wa Ruashi;
jua likigonga bati, yanaamka.
Sisemi ni malaika. Bibi yako anayamimina kwa kikombe
na kila siku namgombeza.
Lakini yanajua kuna baridi na kuna jua.
Tukaweka kopo la majarini kando yake, tukangoja.
Saa sita. Saa saba. Saa nane.
Majarini imesimama wima,
na alama ya kijiko cha jana ingali usoni pake.

Nyuma ya pakiti palikuwa na jedwali.
Transi: sifuri.
Nikacheka mpaka nikakohoa.

Miaka ishirini na sita nilipima shaba na kobalti.
Nilipoandika sifuri nilikuwa nimepima mara tatu,
nimefuta mizani kwa pamba, nimepima tena,
maana nyuma ya sifuri yangu ilingoja treni nzima ya mawe.
Sifuri hii ni ya biskuti mbili.
Wamekata chembe hadi haionekani, wakaita hakuna.
Nani hula biskuti mbili?

Kapya akaficha mkono mgongoni.

Nikamtoa uani. Kutoka kwetu Katuba
unaiona dohani, na ule mlima mweusi chini yake.
Shaba ilipanda treni, ikaenda kwa wenyewe.
Makaa yake yakabaki kwetu.
Hakuna aliyeamka siku moja akasema, leo najenga mlima:
ulikuja kwa toroli, moja, na nyingine, na nyingine.

Nikakiweka kidole chake shingoni mwangu, panapogonga.
Tangu mwezi wa pili daktari Kabwita
ananisikiliza hapo kwa muda mrefu
kuliko anavyozungumza.

Humu pia, Babu?
Humu pia. Kwa toroli.

Akakaa kwenye ndoo, akaandika, ulimi nje ya meno.
Nilidhani ananakili habari za nikeli.
Nikachungulia kwa lenzi:
Vilivyomo: unga, sukari, chumvi, mafuta ya kunyooshwa.
Mahali pakiti ilipopatikana: chini ya mto wa Babu.
Zilizobaki: tatu.

Sikupata la kujibu.
Nikamwomba kalamu,
nikahesabu tena, mara tatu, kama zamani,
nikasahihisha: mbili.